Kabla ya Mei: Karatasi Ipi ya Hisabati Inastahili Saa Tatu za Mwanafunzi?

Kuanzia Januari hadi Aprili, mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma tahasusi ya PCM, PGM au EGM hakosi mtihani wa kujipima. Kuna mtihani wa utimilifu wa mkoa, kuna mitihani ya pamoja ya kanda na ya shule za dini, kuna majaribio ya kila wiki shuleni, kuna vitabu vya maswali yaliyojibiwa vinavyopangwa mbele ya steshenari, na kuna mafaili yanayozunguka WhatsApp yakiwa yamepigwa picha kwa simu, ukurasa wa pili umekatwa pembeni na wa nne haupo. Kila karatasi inajitambulisha kuwa ni ya Hisabati ya kiwango cha juu, somo ambalo wanafunzi wanaliita Advansi, na kila moja imeandikwa muda wa saa tatu. Mtihani wa taifa ni Mei, masomo mengine ya tahasusi nayo yanadai muda wake, na karatasi moja ikifanywa kwa ukamilifu kisha ikasahihishwa ipasavyo inakula siku nzima. Lazima kuchagua, na wengi wanachagua vibaya.

Vigezo vya mtaani vinajulikana. Cha kwanza ni ugumu: karatasi iliyowatoa watu jasho ndiyo inayosifiwa. Cha pili ni jina la shule au la mkoa kwenye kichwa cha karatasi, kana kwamba shule inayofaulisha lazima iwe inatunga vizuri. Cha tatu ni uvumi kwamba mtunzi wake "anatunga taifa". Hiki cha tatu tukiache. Anayetunga kweli hasemi, na anayesema hatungi. Viwili vya mwanzo vina chembe ya ukweli, lakini havigusi sehemu ya karatasi inayoamua kama saa tatu za mwanafunzi zitalipa. Sehemu hiyo ni mwongozo wa usahihishaji. Karatasi isiyo na mwongozo ulioandikwa hatua kwa hatua mimi siiiti mtihani. Ni orodha ya maswali, na maswali yamejaa vitabuni tangu enzi za kitabu cha Backhouse.

Kabla ya kufika kwenye mwongozo, upo mchujo wa haraka usiohitaji utaalamu wowote: fomati. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilianzishwa kwa Sheria Na. 21 ya 1973, miaka miwili baada ya nchi kujitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na fomati za mitihani yake ni nyaraka za wazi zinazopatikana bure kwenye tovuti yake. Fomati ya Advansi iliyozoeleka kwa miaka mingi ina karatasi mbili za saa tatu. Ya kwanza ina maswali kumi, yote ya lazima, alama 10 kila moja, na kila swali lina mada yake: kikokotoo, fankisheni za haipaboli, programu mstari, takwimu, seti, fankisheni, mbinu za kinamba, jiometri ya majiranukta, integresheni na diferensiesheni. Ya pili ina sehemu A yenye maswali manne ya lazima ya alama 15, yanayotoka kwenye namba changamano, mantiki, vekta na uwezekano. Sehemu B ina manne ya alama 20 ya trigonometria, aljebra, milinganyo ya diferensia na jiometri ya juu zaidi, na mtahiniwa anachagua mawili.

Sasa gawa dakika 180 kwa alama 100. Kila alama ina dakika 1.8, kwa hiyo swali la alama 10 lina dakika 18, la 15 lina dakika 27, la 20 lina dakika 36. Hesabu hii ndogo inaangusha karatasi nyingi. Mwalimu achukue swali moja la karatasi anayotaka kuwapa wanafunzi, alijibu mwenyewe kwa mwandiko wa kawaida, aandike kila hatua. Akitumia dakika 17 kwa swali la alama 10, yeye ambaye mada hiyo ameifundisha miaka nenda miaka rudi, mwanafunzi hana namna ya kulimaliza. Karatasi ya namna hiyo inafaa kugawanywa vipande na kufanywa kama mazoezi ya darasani. Kuifanya kwa saa ni kumfundisha mtoto kukata tamaa katikati ya mtihani. Vivyo hivyo karatasi yenye maswali matatu ya integresheni na isiyo na takwimu hata moja: huenda kila swali peke yake ni zuri, lakini alama itakayotoka humo haisemi chochote kuhusu Mei.

Kinachosahaulika zaidi ni ile sehemu B. Kuchagua mawili kati ya manne ni ujuzi kamili, na alama 40 zinaamuliwa ndani ya dakika chache za kusoma. Wanafunzi hubeti mapema. Wapo wanaoamua tangu kidato cha tano kwamba milinganyo ya diferensia hawaigusi, wakabaki na mada tatu za kuchagulia mbili. Hilo linaweza kuwa uamuzi wa busara au balaa, na karatasi ya mazoezi ndiyo mahali pa kulijua. Sharti maswali manne yalingane uzito. Mtunzi mvivu anaweka moja jepesi kupita kiasi, darasa zima linalikimbilia, na mtoto anaondoka akiamini trigonometria ni mkombozi wake. Hajachagua kitu. Amechaguliwa.

Tuingie kwenye maswali yenyewe. Chukua mbinu ya Newton-Raphson, mgeni wa kudumu wa swali la mbinu za kinamba. Mlinganyo x³ − 2x − 5 = 0 ndio ambao Newton mwenyewe aliutumia kuonesha mbinu yake katika karne ya 17, na hadi leo unaibuka kwenye majaribio ya shule kama ulivyo: anza na 2, upate 2.1, kisha 2.0946. Kumpa mwanafunzi zoezi hilo mara moja hakuna ubaya. Ubaya ni majaribio sita mfululizo yakiuliza kitu hichohicho kwa namba tofauti, kwa sababu baada ya la pili kinachopimwa ni vidole kwenye kikokotoo.

Linganisha na x³ − 3x + 1 = 0. Ukiweka 0 unapata 1, ukiweka 1 unapata −1, kwa hiyo upo mzizi kati ya 0 na 1. Mtunzi asiye makini anamwagiza mwanafunzi aanze na 1, maana ni namba safi. Lakini mteremko wa grafu hiyo ni 3x² − 3, na kwenye x = 1 mteremko ni sifuri; kanuni inadai kugawanya kwa sifuri, na swali limekufa kwenye mstari wa kwanza. Mwanafunzi makini atadhani kosa ni lake. Atarudia, atarudia tena, dakika zake 18 zitaisha. Mtunzi mwingine anauchukua mlinganyo huohuo na kuuliza kwanza kwa nini 1 haifai kuwa mwanzo, akidai mchoro unaoonesha kwamba tanjenti hapo imelala sambamba na mhimili wa x na haitaukata kamwe. Kisha anaagiza kuanza na 0 na kutafuta makadirio mawili yanayofuata, 0.3333 na 0.3472. Mlinganyo ni uleule, ila mtunzi huyu alilifanya swali lake kabla ya kulipeleka kuchapwa.

Kubadilisha namba kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi. Swali la mabasi kwenye programu mstari kila mtu analijua: shule inasafirisha watu 400, basi kubwa linabeba 50 na linakodishwa kwa sh. 800,000, dogo linabeba 40 kwa sh. 600,000, madereva ni 9, makubwa yapo 8 na madogo 10. Tafuta gharama ndogo kabisa. Grafu inatoa kona safi: makubwa 4, madogo 5, jumla sh. 6,200,000. Mtunzi anayetaka swali lionekane jipya anageuza 400 kuwa 405. Kona inahamia kwenye 4.5 na 4.5, na mwongozo ulioandikwa haraka haraka unatangaza kwamba shule ikodi mabasi makubwa manne na nusu. Jibu la kweli ni makubwa 5 na madogo 4, kwa sh. 6,400,000, na kulipata kunadai kukagua nukta za namba kamili zilizomo ndani ya eneo. Hiyo ni kazi nzuri sana, ikiwa mtunzi aliikusudia na akaitengea alama. Kama hakuikusudia, mwanafunzi aliyefikiri atakosa alama, na mwenzake aliyekubali nusu basi atapewa zote.

Ndiyo maana nasema mwongozo uanze. Mwongozo wa mtu aliyetunga kwa makini unaonesha alama moja hapa na nusu alama pale, kwa kila hatua. Unasema njia mbadala ipewe nini, kwa sababu namba changamano moja inaweza kushughulikiwa kwa njia mbili au tatu halali. Unaeleza mtahiniwa aliyekosea hesabu mwanzoni kisha akaendelea sahihi kwa namba yake yenye kosa anabaki na alama ngapi. Mwongozo dhaifu una majibu ya mwisho tu, au picha ya daftari la mtu mmoja aliyefanya maswali anayoyapenda na kuruka mengine. Huo wa pili una madhara zaidi kuliko kukosa mwongozo kabisa, maana mwanafunzi anausoma, anatikisa kichwa kwamba ameelewa, na kujipa alama ambazo hakuna msahihishaji angempa.

Jaribio la haraka: kabla ya kudurufu, fungua mwongozo kwenye swali la integresheni. Ukikuta jibu la integresheni isiyo na mipaka halina konstanti mwishoni, funga faili. Aliyesahau hiyo amesahau na mengine. Kisha nenda kwenye uwezekano, uone kama mtunzi ameeleza jinsi alivyozigawanya hali zinazowezekana au ameshuka moja kwa moja na sehemu fulani iliyozidishwa na nyingine. Kurasa hizo mbili zinatosha kumjua mtunzi.

Kuna chanzo kimoja kinachotumika kidogo mno kulinganisha na thamani yake, nacho ni taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazotolewa somo kwa somo. Ndani yake kila swali la mtihani uliopita linaelezwa lilidai nini, watahiniwa waligawanyikaje kati ya kiwango kizuri, cha wastani na hafifu, na kwa nini. Zaidi ya yote zina sampuli za majibu yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe, sahihi na yenye makosa. Wanafunzi wengi wakizipata wanakimbilia majibu sahihi. Faida iko upande wa pili. Mpe mwanafunzi lile jibu lenye makosa bila maelezo yake, mwambie alisahihishe, atoe alama, kisha alinganishe na taarifa inavyosema. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo kwa vekta na mantiki anaanza kuandika kwa ajili ya macho ya msahihishaji: anataja kanuni anayotumia, haruki mistari, anaweka vizio. Taarifa hizo pia ni kipimo cha karatasi nyingine zote. Ikiwa miaka kadhaa mfululizo zinasema watahiniwa wanashindwa kutafsiri maelezo ya swali kuwa mlinganyo, na karatasi ya utimilifu mbele yako imewapa milinganyo tayari imeandikwa, basi inawapima kwenye jambo wasilohitaji kupimwa.

Kuhusu karatasi halisi za miaka iliyopita, ambazo wanafunzi wanaziita pasti pepa, hakuna mjadala kwamba ndizo bora. Mjadala ni matumizi yake. Kila mwaka unazaa karatasi mbili tu. Miaka kumi ni karatasi ishirini, na hakuna nyongeza itakayotoka kabla ya mtihani wako. Mwanafunzi anayezipitia juu juu kidato cha tano huku akichungulia majibu anaziua kama kipimo kabla hata hajamaliza muhtasari. Walimu nao wana mkono: anayefundisha mada mpya kwa mifano ya mtihani wa mwaka jana anakula mbegu. Karatasi za zamani zaidi zigawanywe kwa mada, zitumike darasani bila huruma. Za miaka mitatu au minne ya karibuni zifungiwe, zifanywe Machi na Aprili, karatasi nzima, kwa saa, bila simu mezani. Alama inayotoka hapo ndiyo ya kuamini. Vitabu vya steshenari vyenye majibu ya pasti pepa ni vya kutumia kwa tahadhari. Jibu likikosewa katika kimoja utalikuta kwa wenzake, neno kwa neno, kwa sababu vinanakiliana.

Karatasi za nje zina nafasi ndogo lakini ya kweli. Uganda bado ina ngazi hii, na mtihani wake wa Hisabati una karatasi mbili: ya hisabati halisi, na ya matumizi inayochanganya takwimu, mbinu za kinamba na mekanika. Maswali ya mbinu za kinamba ya huko ni hazina. Ya mekanika mwanafunzi wa Advansi ayaache, maana hayo ni ya fizikia. Kenya iliondoa kidato cha tano na sita ilipoingia mfumo wa 8-4-4, kwa hiyo mtihani wake wa KCSE wa Hisabati haufiki ngazi hii, ingawa unafaa kwa anayetaka kuziba mapengo ya kidato cha tatu na cha nne. Cambridge inatunga kwa usafi mkubwa na miongozo yake ya usahihishaji ni mfano kwa mtunzi yeyote. Mwalimu azisome hata asipowapa wanafunzi. Vitabu vya India vya kujiandaa na mitihani ya kuingia vyuo vya uhandisi vinapendwa sana na vijana wa PCM, hasa kwa integresheni za mbwembwe. Vinanoa akili, sikatai. Lakini vimetungwa kwa maswali ya kuchagua jibu, na kijana aliyezoea kufika kwenye herufi sahihi kwa njia ya mkato hupata taabu anapotakiwa kuonesha kila hatua.

Turudi kwenye ugumu, maana ndipo ubishi mkali ulipo. Kidato cha sita A huanza alama 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35, na chini ya hapo ni F. Wapo wakuu wa shule wanaotaka utimilifu uwe mgumu makusudi, kwa hoja kwamba mtoto akizoea kuumia Februari, Mei atapita kwa raha. Tatizo la hoja hiyo ni la kipimo. Karatasi ngumu kupita kiasi inawabana wote kati ya alama 8 na 25, na mwalimu hawezi tena kumtofautisha anayejua vekta akakosa muda na asiyejua kabisa. Wote ni F, wote wanaambiwa waongeze bidii. Karatasi nyepesi nayo inawarundika wote juu ya 80, jambo linalowafurahisha wazazi siku ya kikao, hasa pale ada ni kubwa. Karatasi inayofaa inalitawanya darasa: ndani ya swali moja kuna kipande ambacho karibu kila mtu anakipata, kuna cha kati, na kuna cha mwisho kinachowatenga wachache. Ukipewa karatasi pamoja na matokeo ya shule iliyoifanya, tazama alama zilivyotawanyika kabla hujatazama nani aliongoza.

Halafu kuna kikokotoo. Vikokotoo vinavyoruhusiwa, visivyoprogramiwa, siku hizi vinafanya kazi kubwa: vinakokotoa wastani na mchepuo sanifu, vinatoa thamani ya integresheni yenye mipaka, vinazidisha namba changamano. Swali linalomalizwa na kitufe kimoja halina kazi nje ya swali la kikokotoo lenyewe. Mtunzi anayelijua hilo anaweka herufi badala ya namba, au anadai uthibitisho.

Linabaki suala la muhtasari. Mitaala iliyoboreshwa ya 2023 imeanza kutekelezwa kwa awamu tangu 2024, na kundi linalofanya mtihani chini ya muhtasari mpya haliwezi kuchukua karatasi ya 2015 likaifanya kama ilivyo. Newton-Raphson ni ileile. Kinachoweza kubadilika ni mpangilio, uzito wa mada na namna ya kuuliza. Kwa hiyo fomati mpya isomwe kwanza, muhtasari uwekwe pembeni yake, na maswali ya zamani yapitiwe moja moja: hili linabaki, hili linahamia karatasi nyingine, hili halimo tena. Ni kazi ya mwalimu, na afadhali ifanywe mara moja na walimu kadhaa wa somo hilo kuliko kila mwanafunzi kubahatisha peke yake. Kipindi kama hiki karatasi za shuleni zinakuwa na uzito kuliko kawaida, kwa sababu za taifa zenye sura mpya ni chache. Walimu watatu wa shule jirani wanaweza kugawana: mmoja atunge, wa pili aifanye karatasi kwa saa bila kuona majibu, wa tatu aandike mwongozo kutokana na kazi ya huyo wa pili, kisha wabadilishane zamu. Mlinganyo unaogawanya kwa sifuri utanaswa mezani kwa wa pili, na nusu basi haitavuka kwa wa tatu. Gharama yake ni rimu za kudurufia na Jumamosi mbili kwa muhula.